Binamu, hadithi nyingine sikupi hivi hivi

Binamu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka "kahadithi kengine", baada ya ile hadithi yangu uliyoifanya filamu; safari hii ka YouTube, vipande vya dakika kumi kumi. Nakujibu hapa kwa sababu kwenye simu tungeishia kucheka, kama kawaida yetu.

Vile vitabu vya Elvis Musiba, vya jasusi Willy Gamba, vilitufikia kurasa za mwisho zimeshafungiwa vitumbua. Wewe ukawa unamalizia kwa mdomo, taa imezimwa. Mpaka leo sijui Musiba alimalizaje. Ya kwako inanitosha. Kwa hiyo usiwaambie watu kwamba nilikidharau kipaji chako.

Ila ile sebule ya shangazi imenikaa kooni. Ndugu wamejaa, deki imewashwa. Hadithi yangu ilikuwa ya mama anayesubiri; haendi popote, anasubiri tu. Ukamletea mganga, ukamletea na hausigeli mwenye pepo, kisha ukamkata katikati, maana msambazaji wa Kariakoo alitaka Sehemu ya 1 na ya 2 zinunuliwe mbalimbali. Sawa, biashara. Lakini shangazi alivaa miwani, akageuza kava, akasoma majina yote hadi la mpishi, akaniuliza: "Na wewe mwanangu, humu ulifanya nini?"

Rimoti ulikuwa nayo wewe. Ukaongeza sauti.

Kubadili si kosa. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta n'kuvute, ilitoka 1999, Amil Shivji akaifanya filamu, mwaka 2021 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na jina la Adam Shafi halikufichwa. Mimi mwenyewe, enzi za magazeti, nilikuwa naikata hadithi pale msichana anapofungua mlango, ili mnunue toleo la wiki ijayo. Sasa nitakulaumu vipi kwa Sehemu ya 2?

Nakushauri kama mkubwa wako: andikianeni mkataba na mwenye hadithi kabla ya kamera kuwashwa. Najua utasema ile laki mbili ya hadithi niliipokea. Niliipokea, ndiyo! Mwenye nyumba alikuwa mlangoni, na wewe ulijua yuko mlangoni, ndiyo maana ulikuja siku ile. Ningesoma mkataba gani?

Yule mama bado anasubiri, nimemwandikia miaka mingine saba. Njoo na karatasi, na kalamu inayoandika.

Shangazi, kama umesomewa haya, Jumapili nakuja. Usimpigie mwanao.