Wajina, formalini usiiguse

Igoma, Mwanza

Wajina wangu,

Dagaa nimewapata, na nusu nimeshawala. Asante sana.

Unauliza kama kweli nimekwenda chuo kuokota makondo ya nyuma ya uzazi. Ndiyo. Yale ambayo wewe huko zahanati unayatupa kwenye shimo la kondo kila alfajiri, mimi huku nayaomba kwa kupiga magoti. Tena wiki iliyopita nusura nilie. Muuguzi wa zamu ya usiku, mtu mwenye roho nzuri kabisa, alinitunzia kondo zuri la nusu kilo hivi, halafu akalitumbukiza kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, "lisije likaharibika". Wajina, formalini inakaza protini zote. Mimi natafuta milango, yaani protini za kwenye utando wa seli zinazopitisha chumvi, nikaletewa nyumba iliyopigwa misumari! Ningemgombeza vipi?

La pili nililifuata mwenyewe na boksi la barafu ya soko la samaki la Mwaloni, ile ile ya sangara. Mama mwenye kondo alikubali, ila akauliza: "Mnaenda kulifanyia uganga?" Nikamjibu tunaenda kuhesabu chumvi. Akacheka mpaka akashika tumbo.

Nikalikatakata, nikasuuza damu, nikavikoroga vipande kwenye maji ya chumvi baridi mpaka vile vinywele vidogo vya upande unaooga damu ya mama vikachomoka. Vinywele hivyo vimefunikwa na utando wa seli ninaoutafuta. Ukitia magnesiamu, utando mwingine usioutaka unashikamana. Ukizungusha kwenye mashine, unazama. Unaoutaka unabaki kwenye maji ya juu, nao unauzungusha tena kwa kasi kubwa zaidi. Jasho lote hilo, unaambulia doa dogo chini ya mrija, kama tongo la jicho. Lakini nilipolipima kimeng'enya kinachotambulisha utando huo, alikalaini fosfatesi, mrija uligeuka njano kama umetiwa bizari. Nilipiga kigelegele peke yangu maabara.

Sasa chukua hao dagaa wako, mama mjamzito anawatafuna na miiba yake. Mtoto anazaliwa na kalsiamu gramu 30 hivi, na nyingi kaivuta miezi mitatu ya mwisho. Damu yake ina kalsiamu kuliko ya mama yake! Kwa hiyo ule mfano tuliofundishwa, kwamba kondo ni kama chujio la chai, usahau. Upande wa mama kuna mlango unaitwa TRPV6. Ndani ya seli kalsiamu huru ni kidogo mara elfu kumi kuliko nje, hivyo mlango ukifunguka inamiminika yenyewe. Humo inadakwa na protini, inavushwa, halafu pampu za upande wa mtoto zinaisukuma nje kwa nguvu. Kuingia bure, kutoka unalipa.

Ila ulionikosesha usingizi ni mlango wa potasiamu. Sodiamu ni mdogo kuliko potasiamu, na bado anakataliwa! Kumbe kila mmoja anatembea amejifunika maji. Potasiamu akifika mlangoni anavua, kwa kuwa kuta zinamkumbatia sawasawa na yale maji. Sodiamu kuta hazimfikii, basi havui, na akiwa na maji yake hapiti. Roderick MacKinnon alipewa Nobeli ya kemia mwaka 2003 kwa kuonyesha umbo la mlango huo. Mimi nimeelewa juzi, nikiwa kwenye foleni ya daladala.

Mwezi ujao nakuja Nansio, nitalala kwako. Ukipata mama aliyekubali, liweke kondo kwenye beseni safi, ulifunike, unisubiri. Barafu nakuja nayo.

Wajina wako