Seva ya akiba haisaidii lango lisiloijua

Mhariri,

Ofisi nyingi zenye matawi zimeachana na mtambo wa simu wa kila jengo. Simu zote huongozwa na seva za makao makuu, na tawi hubaki na lango la sauti linalounganisha mtandao na laini za kampuni ya simu. Mpango huu hatuna ugomvi nao. Kinachotusumbua ni dhana kwamba seva za akiba zikishawashwa kazi imekwisha, ilhali lango lenyewe halijaambiwa kitu.

Kwenye malango ya Cisco yanayotumia MGCP, yaani itifaki ambayo seva huliongozea lango, seva kuu hutajwa kwa amri ya "mgcp call-agent", na za akiba, zisizozidi mbili, kwa "ccm-manager redundant-host". Andika "show ccm-manager" usome: seva ya kwanza ioneshe "Registered", ya akiba "Backup Ready". Ukikuta "None", hiyo akiba ni ya kwenye karatasi tu. Jina la lango nalo liandikwe kwenye seva herufi kwa herufi, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, pamoja na jina la kikoa (domain) kama limewekwa. Mtu akiongeza kikoa baadaye bila kugusa seva, lango halisajiliki tena.

Lango na seva hujuliana hali kila sekunde 15. Zikipita 30 kimya, lango huhamia seva inayofuata, na mazungumzo yanayoendelea hayakatiki kwa sababu sauti haipiti kwenye seva. Hapa ndipo ukuta wa moto (firewall), unaochuja mawasiliano ya mtandao, huleta balaa. Maagizo ya MGCP hutumia bandari (port) ya UDP 2427, lakini ishara za ISDN PRI, laini ya kidijitali ya kampuni ya simu inayobeba simu nyingi kwa pamoja, husafirishwa hadi kwenye seva kwa bandari ya TCP 2428. Mara nyingi 2428 hufunguliwa kuelekea seva kuu peke yake. Siku ya kuhama, lango linaonekana limesajiliwa vizuri kabisa, na hakuna simu inayotoka wala kuingia. "show isdn status" itakuonesha "TEI_ASSIGNED" badala ya "MULTIPLE_FRAME_ESTABLISHED" (ishara zimeunganika), na fundi ataanza kuilaumu kampuni ya simu bure.

Laini ya kwenda makao makuu ikikatika, seva zote tatu hupotea kwa mpigo, na akiba hizo hazina msaada wowote. Tawi litajitegemea tu kama lango lina "ccm-manager fallback-mgcp", na chini ya "application", kwenye "global", kuna "service alternate default". Simu za mezani zinahitaji "call-manager-fallback" yenye "max-ephones" (idadi ya simu) na "max-dn" (idadi ya namba za ndani). Thamani ya awali ya zote mbili ni sifuri, kwa hiyo anayezisahau hataona simu hata moja ikisajiliwa. Halafu kuna njia za kupigia, ziitwazo dial-peer: ya "9T", yaani namba yoyote inayotanguliwa na 9 ya kutokea nje, inayoelekezwa kwenye mlango wa PRI, na ya kupokea yenye "direct-inward-dial". Bila hiyo ya mwisho, mteja anayepiga atasikia mlio wa kumtaka abonyeze namba tena. Na ijulikane mapema kwamba simu zinazoendelea kwenye PRI hukatika lango linapoingia hali hii ya kujitegemea.

Kurudi nako kuna masharti yake. Kwa kawaida lango husubiri simu zote ziishe kabla ya kurudi kwenye seva kuu, na tawi lenye shughuli nyingi linaweza kukaa kwenye akiba mchana kutwa. Kwa laini inayokatika na kurudi kila mara tunapendelea "ccm-manager switchback uptime-delay", ili lango lisiyumbe huku na huko.

Jaribio la kuzima seva kuu pekee halijapima nusu ya haya. Baada ya saa za kazi, chomoa kebo ya kwenda makao makuu, subiri simu zisajiliwe kwenye lango, kisha piga nje, pigiwa kutoka nje, na mwisho piga namba ya dharura. Hiyo ya dharura ndiyo husahaulika zaidi, maana hupigwa bila 9 ya kutokea nje na inahitaji dial-peer yake yenyewe.

Mafundi wa mitandao ya simu