Mwachieni Mtoto Kazi: Barua ya Wazi kwa Wazazi Wanaotafuta Vichezeo vya Sayansi

Wanangu,

Salaam nyingi. Mmekuwa mkiniuliza, leo huyu kesho yule, ni kichezeo gani cha sayansi kinachofaa kumnunulia mtoto, nami nimekuwa nikiwajibu kwa vipande vipande. Nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, maana swali lenu ni moja na ni zito. Sehemu kubwa ya umri wangu nimefundisha watoto sayansi, na vichezeo vingi vya aina hii vimepita mikononi mwangu.

Kabla hamjalipa, jiulizeni jambo moja: kazi ya kichezeo hiki itafanywa na nani? Kuna roboti ukiibonyeza kitufe inacheza, inaimba na kuwaka taa za kila rangi, huku mtoto amesimama pembeni anatazama. Siku ya kwanza anashangilia. Wiki haijaisha, iko chini ya kitanda, kwa sababu yote inayoyaweza imeshayafanya na yeye hana cha kuiongezea. Kichezeo kinachofundisha hakifanyi lolote mpaka mtoto afikiri, ajaribu, akosee na kurudia.

Chukueni betri moja ya tochi, balbu yake ndogo na nyaya mbili fupi. Mpeni mtoto wa miaka minane, mwambieni awashe taa, kisha nyamazeni. Mara nyingi ataanza kwa kugusisha nyaya zote mbili kwenye kitako cha balbu. Kimya. Atageuza betri. Kimya. Atawaambia balbu imeungua. Msimsaidie. Ipo dakika ambapo waya mmoja utateleza na kugusa ubavu wa chuma wa balbu huku mwingine ukibaki kwenye ile ncha ya chini, na taa itawaka. Hapo mtamwona anaganda, anatazama vidole vyake vimeshika wapi, anaachia, anarudia tena kwa makusudi. Mzunguko wa umeme ameshauelewa kabla hajausoma popote. Betri hiyo ya volti 1.5 haimrushi mtu. Angalieni tu asiunganishe ncha mbili za betri kwa waya bila balbu katikati, maana waya na betri hupata moto. Seti za umeme zinazouzwa, zenye swichi, mota na vitaa, hufanya kazi hiyohiyo, na zilizo nzuri ni zile ambazo vipande vyake hupangika hata kwa namna ambayo kijitabu hakikuieleza.

Darubini ya kutazamia vilivyo mbali na hadubini ya kutazamia vilivyo vidogo mno ndizo zinazowaponza wazazi wengi kwa sababu ya tarakimu za kwenye sanduku. Mkiona darubini ya bei nafuu imeandikwa inakuza mara 525, iacheni palepale. Darubini hukuza kwa manufaa hadi takriban mara mbili ya kipenyo cha lenzi yake ya mbele kwa milimita. Yenye lenzi ya milimita 60 inakomea kwenye mara 120, na zaidi ya hapo mtoto ataona ukungu mkubwa zaidi. Galileo alipoiona miezi minne ya Jupita mnamo Januari 1610, chombo chake kilikuza mara 20 hivi. Mimi ningewanunulia darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50, yaani inayokuza mara 7 au 10, na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 50. Mtoto akiegemeza viwiko mahali imara, usiku ataona mashimo ya Mwezi na hata vile vinukta vya miezi ya Jupita, na mchana atatazama ndege. Jua lisielekezewe chombo chochote cha namna hiyo. Darubini nyingine huja na kioo cheusi cha kufunga upande wa jicho ili kutazamia Jua. Kitupeni. Joto lililokusanywa na lenzi hukipasua wakati jicho liko hapohapo.

Hadubini nayo isichaguliwe kwa sababu imeandikwa mara 1200. Anzeni na lenzi ya mkono ya mara 10: chembe za chumvi zitaonekana ni vijisanduku, na sisimizi atakuwa na miguu yenye nywele. Akionyesha hamu, ndipo mtafute hadubini ya mara 40 hadi 400 yenye lenzi za kioo.

Wenye watoto chini ya miaka mitano, msiwe na haraka ya umeme. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliwapa mipira, mbao za mraba na za mviringo, na mpaka leo sijaona kilichozishinda mbao. Mnara unapoanguka, mtoto anajifunza uzito na mizani. Mkinunua matofali ya kuunganisha, chagueni aina ambayo vipande vipya vitaendelea kushikana na vya zamani. Matofali ya LEGO ya mwaka 1958 bado yanashikana na ya leo, ndiyo maana huwa yanarithishwa.

Kuhusu kompyuta, mwanahisabati Seymour Papert na wenzake walitengeneza mwaka 1967 Logo, lugha ya kuipa kompyuta amri, na baadaye mtoto akaweza kuitumia kumwamuru kasa mdogo wa roboti au wa kwenye skrini: nenda mbele, geuka kulia. Kasa asipofika, mtoto anarudi kwenye amri zake kutafuta ilipo kasoro. Roboti ya kununua ipimeni hapo: je, mtoto anaweza kuipa amri zake mwenyewe na kuzirekebisha? Kama kompyuta mnayo, Scratch, lugha ya namna hiyo ya watoto iliyotolewa mwaka 2007, ni ya bure, na itamtosha kwa miaka. Wanasesere wanaosikiliza na kujibu kupitia intaneti mimi siwataki. Ujerumani ilipiga marufuku mmoja wao, Cayla, mwaka 2017 kwa kuwa alihesabika kuwa kifaa cha siri cha kunasa mazungumzo.

Sasa la usalama, na hili lisomeni polepole. Alama ya umri kwenye sanduku haipimi akili. Mzazi husema, wangu ana miaka miwili lakini ni mwerevu, akamnunulia cha miaka mitatu. Alama ile inazungumzia koo. Vichezeo vya walio chini ya miaka mitatu hupimwa kwa mcheduara, yaani kikopo cha duara, wenye upana wa karibu milimita 32, na kipande kinachoingia chote humo kinaweza kumkaba mtoto. Betri bapa za duara, zile kama sarafu, zikikwama kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, huweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mlango wa betri uwe umefungwa kwa skrubu. Mkishuku kwamba mtoto amemeza, kimbilieni hospitali msisubiri dalili. Vijisumaku vyenye nguvu navyo, akimeza viwili, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Vya namna hiyo visiingie nyumbani mwenye mtoto mdogo, hata kama vimenunuliwa kwa ajili ya kaka yake.

Na mabinti msiwapeleke kwenye rafu ya rangi ya waridi peke yake. Bisibisi haijui iko mkononi mwa nani.

Ambao fedha hazitoshi, msione mmeshindwa. Tafuteni saa ya mezani iliyokufa, kibodi mbovu au redio ndogo ya betri. Toeni betri, mpeni mtoto bisibisi na bakuli la kuwekea skrubu, afungue. Msimpe televisheni, tanuri la maikrowevu wala kamera yenye flashi, kwa kuwa ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomolewa, na simu yenye betri ya lithiamu pia hapana. Kaeni naye, muulizeni anadhani hiki kinafanya nini, na jibu lake mlisikilize mpaka mwisho kabla hamjalisahihisha.

Mwenye swali aniandikie, aniambie umri wa mtoto na mambo anayopenda kuulizauliza. Nitamjibu.

Ni mimi, mzee wenu.