Kabla ya Kununua Wiki ya Likizo kwa Zamu, Anza na Kifungu cha Kujitoa

Jumatatu moja asubuhi, mume na mke walifika ofisini kwetu Kinondoni wakiwa na mfuko wa karatasi wenye picha ya mnazi na bahari. Ndani ya mfuko kulikuwa na mkataba wa kurasa 27, stakabadhi ya arbuni ya shilingi milioni 4, na vocha ya chakula cha jioni cha watu wawili. Jumamosi iliyotangulia walikuwa wamealikwa kwenye semina ya uwekezaji wa likizo katika ukumbi wa hoteli moja hapa jijini. Waliambiwa itachukua saa moja na nusu. Walitoka baada ya saa nne, wakiwa wamenunua haki ya kukaa wiki moja kila mwaka, kwa miaka 40, katika nyumba za likizo zilizoko pwani ya mashariki ya Unguja. Walitaka tuwasomee mkataba, kwa sababu mazungumzo yote ya Jumamosi yalikuwa ya Kiswahili na mkataba ulikuwa wa Kiingereza cha kisheria.

Kazi yetu ni kuwasomea watu mikataba na kuwaeleza kwa lugha wanayoielewa, na maombi ya namna hii tumeyapokea mara kadhaa. Tunaandika makala hii kwa ajili ya mtu ambaye hajatia saini bado, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kusaidiwa kwa gharama ndogo zaidi.

Kinachouzwa huitwa taimusheya, nasi ofisini hukiita umiliki wa zamu. Nyumba moja hugawanywa kwa wiki za mwaka, na kila mnunuzi hupewa zamu yake. Mpango huu ulianza Ulaya katika miaka ya 1960, huko Uswisi na Ufaransa, ukashika kasi Marekani katika miaka ya 1970. Kuna anayenunua wiki maalumu ambayo haibadiliki mwaka hadi mwaka, kuna anayenunua wiki ya kuelea ambayo lazima aiombe mapema kila mwaka, na siku hizi wengi huuziwa pointi, ambazo mnunuzi huzitumia kulipia siku, ukubwa wa chumba na msimu. Katika mikataba mingi tuliyoisoma sisi, mnunuzi hapati sehemu yoyote ya ardhi wala ya jengo. Anapata haki ya kutumia kwa muda fulani, na pamoja na haki hiyo anapata wajibu wa kulipa ada kila mwaka, awe amekwenda au hakwenda. Muuzaji huzungumzia haki kwa saa nne, na wajibu huupitia kwa dakika mbili.

Ndiyo maana tunamshauri kila mteja aanze kusoma mkataba kutoka kwenye kifungu cha kujitoa, kabla ya ukurasa wenye maelezo ya bwawa la kuogelea. Tafuta mambo mawili. La kwanza ni siku za kujirudi, yaani muda ambao unaweza kuuvunja mkataba na kurudishiwa fedha zako bila kutoa sababu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2008 yanampa mnunuzi siku 14, na yanamkataza muuzaji kupokea malipo yoyote katika siku hizo. Wauzaji wengine hutaja sheria hiyo hapa Dar es Salaam kana kwamba inamfuata mnunuzi popote alipo. Usiitegemee. Siku zako za kujirudi ni zile zilizoandikwa kwenye mkataba ulioutia saini, na kama hazikuandikwa, dai ziandikwe kabla hujatoa hata shilingi moja. Jambo la pili ni namna ya kutoka baada ya miaka mitano, kumi au ishirini. Je, unaweza kuirudisha wiki yako kwa kampuni? Kwa notisi ya muda gani, na kwa malipo gani? Ukifariki, je, wajibu wa ada unahamia kwenye mirathi na kuwafuata watoto wako? Tumeona mkataba usiokuwa na jibu hata moja kati ya haya. Hispania, ambako taimusheya zimeuzwa kwa wingi sana, sheria iliweka ukomo wa miaka 50, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mikataba isiyo na mwisho iliyouzwa kinyume cha sheria hiyo ni batili. Huko kulikuwa na sheria mahsusi ya kumbana muuzaji, na bado watu walihangaika mahakamani kwa miaka.

Wengi hutujibu kwamba wakichoka watauza. Tafadhali litafakari jambo hilo kwa makini kuliko yote. Marekani, kwenye soko kubwa kuliko yote ya taimusheya, kuna wamiliki wanaotangaza wiki zao kwa bei ya dola 1 ili tu mtu mwingine achukue mzigo wa ada, na bado hawapati mnunuzi. Sababu yake si ngumu kuiona, kwani sehemu kubwa ya bei ya mwanzo hulipia semina, zawadi, kamisheni na matangazo, na vitu hivyo havina thamani kwa mnunuzi wa pili. Kisha hujitokeza watu wa aina nyingine, wanaompigia simu mmiliki aliyekata tamaa na kumwambia kwamba mteja amepatikana, ila atangulize ada ya uhamisho au kodi. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Mexico zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya kwa sababu ya utapeli wa namna hiyo dhidi ya wamiliki wa taimusheya. Mtu anayedai fedha kwanza ili akuuzie wiki yako, kata simu yake.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo kwenye semina hufanywa kwa kalamu ya muuzaji. Chukua mfano wa kukadiria tu. Bei ya kununua ni shilingi milioni 18, ada ya mwaka inaanza na shilingi 1,200,000, na mkataba unaruhusu ada hiyo ipande kwa asilimia 8 kila mwaka. Kufikia mwaka wa kumi ada peke yake itakuwa karibu shilingi milioni 2.4. Jumla ya fedha zitakazokuwa zimekutoka kwa miaka kumi ni takriban milioni 35.4, na ukizigawa kwa usiku 70 unapata kama shilingi 505,000 kwa usiku mmoja, kabla ya nauli ya boti na chakula. Muuzaji atakwambia kwamba kadiri miaka inavyosonga ndivyo unavyofaidi. Endeleza hesabu hiyohiyo hadi miaka 20 uone: jumla inafika kama milioni 72.9, na usiku mmoja unakuwa shilingi 521,000. Umekaa miaka mingi zaidi na usiku umepanda bei, kwa sababu ada imekua haraka kuliko akiba uliyodhani unaipata. Ni kweli kwamba bei za hoteli nazo hupanda. Tofauti ni kwamba hoteli ikipandisha bei unaweza kuhamia nyingine au kubaki nyumbani. Na ukikosa kwenda miaka minne kati ya ile kumi, kwa sababu ya ada za shule, msiba au kazi, kila usiku uliolala kweli umekugharimu zaidi ya shilingi 840,000.

Fanya hesabu hii kwa takwimu za mkataba wako mwenyewe, kisha piga simu kwenye nyumba mbili au tatu za kiwango kilekile, uulize bei ya chumba cha familia kwa tarehe zilezile. Zoezi hilo linachukua nusu saa. Angalia pia kama mkataba unaweka kikomo cha ongezeko la ada, na kama unaruhusu michango maalumu, kwa mfano paa likivuja au jenereta ikiharibika. Iwapo ada imeandikwa kwa dola, uliza sababu, kwa kuwa tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni.

Msimu ni mahali pengine ambapo mnunuzi mgeni huteleza. Kampuni nyingi hugawa mwaka kwa rangi, na katika mgawanyo uliozoeleka zaidi nyekundu ni wiki zenye wateja wengi, nyeupe ni za kati, na bluu ni zile ambazo watu hawazitaki. Mkataba wa wale mume na mke ulisema wiki ya kuelea ya bluu. Kwenye kiambatisho cha tatu, kwa herufi ndogo, wiki za bluu zilikuwa zimetajwa: zilianzia mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Mei. Hiyo ni masika. Ni mvua kubwa, na watoto wako darasani, kwa sababu likizo ndefu za shule huangukia Juni na Desemba. Mke alikuwa mwalimu. Alisoma mstari ule mara mbili, akauweka kidole juu yake, akamtazama mumewe bila kusema neno. Kwa upande huo wa mashariki ya Unguja kuna jambo jingine ambalo picha za semina hazilionyeshi: maji yakipwa, bahari husogea mbali sana na ufukwe, na mtu aliyetarajia kuogelea saa nne asubuhi huenda akakuta mchanga na mwani hadi alasiri. Ni mahali pazuri, nasi tunapapenda, lakini nenda kwanza ukalale siku mbili kama mgeni wa kawaida, uone maji yakijaa na yakipwa.

Kuhusu kubadilishana wiki yako na nyumba ya nchi nyingine, kuna kampuni za kimataifa zinazofanya kazi hiyo kwa kweli. RCI ilianzishwa Marekani mwaka 1974, na Interval International mwaka 1976. Lakini hulipwa ada ya uanachama na ada ya kila mabadilishano, na wiki ya bluu haibadilishwi kwa urahisi na wiki ya Agosti huko Hispania. Zaidi ya hayo, mwenye pasipoti ya Tanzania atahitaji viza ya Ulaya au ya Marekani, na kumiliki wiki ya likizo hakumpunguzii safari ya ubalozini.

Suala la ardhi linahitaji umakini wa pekee. Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Anachokuwa nacho mwenye hati ni haki ya kumiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Iko pia sheria ya mwaka 2008 inayowezesha kutoa hati za sehemu za jengo, kwa hiyo muuzaji anayesema kwamba anakuuzia umiliki halisi aonyeshe hati hiyo. Zanzibar ina sheria zake na masjala yake ya ardhi, na mwekezaji wa hoteli hukodishiwa ardhi na serikali kwa muda maalumu. Upekuzi uliofanywa kwa Msajili wa Hati hapa Dar es Salaam hautakwambia lolote kuhusu kiwanja cha Unguja. Ikiwa ukodishaji wa mwenye hoteli umebakiza miaka 22, hawezi kukupa wewe miaka 40 kwa uhakika. Uliza pia kampuni inayokuuzia imesajiliwa wapi, na mkataba unasema mgogoro utasikilizwa wapi, maana tumesoma mkataba uliouzwa hapa jijini ambao mgogoro wake ulitakiwa upelekwe Ulaya.

Tunarudi kwenye Kiswahili cha Jumamosi. Mikataba ya aina hii karibu yote ina kifungu kinachosema kwamba maandishi haya ndiyo makubaliano yote, na kwamba ahadi yoyote ya mdomo haina nguvu. Kwa maana hiyo, ile ahadi ya kwamba mtapangisha wiki yenu kwa watalii na kupata faida, au kwamba kampuni itawanunulia tena baada ya miaka mitatu, ilifutwa wakati mlipotia saini. Sheria ya mikataba ya Tanzania inamruhusu aliyedanganywa kuuvunja mkataba, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji kuhusu maelezo ya upotoshaji, lakini utatakiwa kuthibitisha kilichosemwa. Ahadi yoyote inayokuvutia, mwombe muuzaji aiandike kwenye mkataba na kuitia saini. Akikataa, umepata jibu.

Usikubali bei ya “leo tu”. Kwenye semina hizi mume na mke hutakiwa wafike pamoja, na tunaamini sababu ni kwamba muuzaji hataki kusikia “ngoja nikashauriane na mwenzangu”. Semeni hivyo hata mkiwa wote wawili. Malipo yapite benki, kwa jina la kampuni iliyo kwenye mkataba, na mpewe risiti ya EFD. Msitume kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Hatusemi kwamba kila taimusheya ni utapeli. Familia inayokwenda mahali pamoja kila mwaka bila kukosa, iliyolipa taslimu bila mkopo, yenye wiki ya msimu inaoutaka, na yenye mkataba ulioweka kikomo cha ada na njia ya kutoka, inaweza kuridhika nayo kwa miaka mingi. Familia ya namna hiyo tumeiona moja.

Wale mume na mke walikuwa na bahati, kwa sababu mkataba wao ulitoa siku saba za kujirudi na walifika kwetu siku ya pili. Tuliwaandalia barua, wakaipeleka kwa mkono siku hiyohiyo, na nakala yao ikagongwa muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Arbuni ilirudi baada ya wiki sita na simu nyingi. Nawe ukiwa na mkataba wa aina hii, tuletee kurasa zote pamoja na viambatisho, ratiba ya malipo na stakabadhi. Kama bado uko ndani ya siku za kujirudi, tupigie kabla hujafunga safari, kwa sababu mikataba mingi huhesabu siku hizo tangu ulipotia saini, na Jumapili nayo imo.