Mabaki ya jikoni yasitupwe pamoja na plastiki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwahimize wasomaji wenzangu waache kuchanganya maganda ya matunda, mabaki ya mboga na majani ya bustani na taka za plastiki, kwa kuwa vitu hivyo vikifukiwa jalalani pasipo hewa huoza na kutoa gesi ya methani, inayochangia ongezeko la joto duniani, ilhali nyumbani vingegeuka mboji, yaani mbolea itokanayo na mabaki yaliyooza.

Wengi huacha kutengeneza mboji kwa kuchukizwa na harufu. Harufu hiyo, kwa kweli, ni dalili ya lundo lililolowa na kukosa hewa, na dawa yake ni kuligeuza na kuongeza majani makavu, maranda ya mbao au karatasi zilizochanwa. Vitu vikavu vina kaboni nyingi, vibichi vina nitrojeni zaidi, na vijidudu vinavyoozesha lundo hustawi kaboni inapokuwa takriban mara 25 hadi 30 ya nitrojeni. Ukiminya konzi moja ya lundo, mkono ulowe kidogo tu, maji yasichuruzike. Lundo la mita 1 kila upande likitunzwa vyema huweza kupita nyuzi joto 55 katikati yake, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Nyama, samaki na mafuta visiwekwe, maana huvuta panya.

Ninaziomba kwa dhati mamlaka za miji ziwape wakazi mapipa ya kutenganishia taka, na zichukue mabaki ya wale wasio na bustani.

Msomaji wako