Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Upatikanaji na Usafirishaji wa Petroli ya Boti

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wamiliki wa boti ndogo za injini, nina wajibu wa kuwasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Shughuli za kawaida mnazifahamu na sitawachosha nazo: gati lilisafishwa, kamba za kufungia boti zilibadilishwa, na kamati tendaji ilikutana kama ratiba ilivyotaka. Nafasi iliyobaki naielekeza kwenye suala la petroli, kwa kuwa ndilo lililozua maneno mengi mwaka huu, na mengi ya maneno hayo yamesemwa mahali ambapo mimi sikuwapo kuyajibu.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kituo cha mafuta kiko nchi kavu, boti iko majini, na kati ya hivyo viwili kila mwanachama alijitafutia njia yake. Wengine walibeba petroli katika madumu ya plastiki yaliyokuwa na mafuta ya kula, na wahudumu wa pampu walipokataa kuyajaza, jambo ambalo walikuwa na haki nalo, walirudi mikono mitupu na kuilaumu kamati. Wengine waliingiza mpira kwenye tangi la gari na kuvuta petroli kwa mdomo, ilhali inajulikana kwamba petroli kidogo tu ikipotea njia na kuingia mapafuni inaweza kumuua mtu. Ni katika mazingira hayo kamati, chini ya uongozi wangu, ilipoamua kwamba petroli ya wanachama itanunuliwa kwa pamoja, kwa siku maalumu na kwa fedha zilizotangulia kulipwa; kwamba itabebwa katika madumu ya chuma yaliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta, ambayo yangenunuliwa kwa fedha za mfuko mkuu; na kwamba dumu la plastiki lililotokana na maji au mafuta ya kula halitapita tena kwenye gati letu.

Hoja ya kwanza iliyotolewa dhidi ya uamuzi huo ni kwamba madumu ya plastiki yametumika miaka mingi bila madhara. Naomba wenye hoja hiyo walikumbuke lile dumu lililoachwa juani ndani ya boti ya mwanachama mmoja, ambalo tulilikuta limevimba kitako hata halisimami wima, na petroli ikichuruzika taratibu pembeni ya kifuniko na kuingia chini ya mbao za sakafu. Petroli hutanuka kwa joto: lita 20 zikipanda nyuzi 20 huongezeka kwa takriban desilita 4, na ndiyo maana hata dumu zuri halijazwi mpaka mdomoni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi, kwa hiyo haupeperuki juu bali hushuka na kutuama chini ya boti, mahali pale pale ambapo betri na nyaya zetu zimewekwa. Tena mvuke huo huweza kuwaka hata penye baridi kali iliyo chini kabisa ya sifuri, sembuse kwenye jua la mchana. Siku ile hakuna aliyewasha injini wala sigara, nasi tukalitoa dumu na kupunga hewa mpaka harufu ikaisha. Aliyeona hilo na bado akadai kwamba kamati ilikuwa na haraka, basi sina maelezo zaidi ya kumpa.

Hoja ya pili ni kwamba fedha zilizonunua madumu zilikuwa zimekusudiwa kukarabati ngazi ya gati. Ni kweli ngazi hiyo ilizungumzwa katika mkutano mkuu uliopita, lakini hakuna azimio lililopitishwa, na katiba inaipa kamati mamlaka ya kutumia mfuko mkuu pale usalama wa wanachama unapohusika. Mhazini ana stakabadhi zote, na yeyote anayetaka kuziona anakaribishwa, ingawa tangu maneno haya yaanze hajafika hata mmoja.

Ipo na hoja ya tatu, ambayo inanigusa binafsi, nayo ni minong'ono kwamba mwenyekiti ananufaika kwa kuwa gari linalobeba petroli ni lake. Gari hilo lilichaguliwa kwa sababu lina bodi ya wazi, na mvuke hauwezi kujikusanya humo kama unavyojikusanya ndani ya gari lililofungwa pamoja na abiria. Sikulipwa kodi ya gari wala posho. Ni mimi niliyesisitiza kwamba madumu yateremshwe chini kabla ya kujazwa, mdomo wa bomba la pampu uguse chuma cha dumu muda wote ili umeme tuli usiruke cheche, na yakirudishwa garini yafungwe kamba yakiwa wima. Dumu moja lililojaa lina kilo 15 za petroli, bila kuhesabu uzito wa chuma chenyewe, na mara nyingi waliokuja kuyapakua ni watu wale wale watatu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ugumu mwingine ulitokana na wanachama kutosema mapema wanahitaji kiasi gani. Injini ya nguvu za farasi 15 ikiendeshwa kwa kasi yote hunywa takriban lita 5 hadi 7 kwa saa, na kanuni ya zamani ya mabaharia ni theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia na theluthi ya akiba. Kwa hesabu hiyo kila mmoja anaweza kukadiria mahitaji yake akiwa nyumbani. Badala yake wapo walioagiza kupita kiasi, na petroli ikakaa miezi mpaka ikachacha na kuziba kabureta, kisha lawama zikaja kwetu. Wapo pia waliotaka tuwaletee petroli iliyokwisha kuchanganywa oili. Kamati ilikataa, na itaendelea kukataa, kwa kuwa injini hazifanani: nyingi zinazochanganywa hutaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20, nyingine za zamani hutaka zaidi, na zile za mipigo minne hazichanganywi kabisa.

Kuhusu hesabu, wanachama walio kwenye daftari ni 46. Waliolipa ada yote ni 17, waliolipa sehemu ni 11, na 18 hawajalipa chochote. Petroli iliyoletwa ni lita 2,860, madumu yaliyonunuliwa ni 14 pamoja na faneli 3 zenye chujio, na petroli iliyochukuliwa kwa mkopo bila kulipwa ni lita 310. Inasikitisha kwamba sehemu kubwa ya deni hilo iko kwa wanachama wasiolipa ada, ambao pia ndio wasemaji wakuu dhidi ya utaratibu huu.

Mahudhurio nayo hayaridhishi. Mkutano wa robo ya tatu uliahirishwa kwa kukosa akidi, na siku ya mafunzo ya kujaza tangi, ambapo nilieleza kwa vitendo kwa nini tangi la kubebeka hutolewa kwanza ndani ya boti na kujazwa nchi kavu, walihudhuria watu wasiotimia kumi, pamoja na watoto waliokuja kuogelea.

Kwa mwaka ujao, kamati inatarajia kutafuta mahali penye kivuli na hewa ya kutosha, mbali na banda la boti, pa kuhifadhia madumu, na hali ya fedha ikiruhusu kununua vizima moto vya unga. Ngazi ya gati nayo itaangaliwa. Madumu 4 ya chama bado yako mikononi mwa wanachama ambao hawajayarejesha. Wanaombwa wayalete yakiwa matupu na vifuniko vimekazwa, kabla ya siku ya ununuzi inayofuata.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti