Fundi anataka kupiga lipu, mama mkwe hataki kuhama

Ndugu mshauri,

Salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Naomba msaada juu ya nyumba ya mama mkwe huko Kalehe, karibu na mto ulioshuka na matope mvua zilipokuwa zinaisha. Watu wote ni wazima, Mungu asifiwe.

Nyumba ni ya matofali mabichi juu ya msingi wa mawe. Maji yalifika karibu na dirisha yakalala humo. Manjanja, yaani mabati ya paa, hayakuguswa. Lakini ukuta wa chumbani, ukiubonyeza kule chini, kidole gumba kinazama. Juu ya alama ya maji ni mgumu kabisa. Kona ya jikoni imepasuka toka chini hadi kwenye linta.

Fundi anataka kupiga lipu ya simenti sasa hivi, ndani na nje. Mimi naogopa. Kuna jirani alifanya hivyo juu ya udongo wenye unyevu: nje ikapendeza, ndani tofali likageuka uji, na lipu ikabanduka bamba zima. Naona heri tukwangue tope, tuache kiangazi kikaushe, kisha tutoe matofali yaliyolegea tuweke ya kuchoma. Fundi anasema Septemba mvua itarudi na kutukuta bado tunangoja. Hapo ana haki.

Shemeji yeye hataki hata franka moja iingie pale. Anataja Bushushu na Nyamukubi, Mei 2023, mafuriko yalivyoua mamia ya watu hukohuko Kalehe. Kilimani kuna kipande cha ardhi ambacho mwenyewe yuko tayari kutupatia kwa kalinzi, ile haki ya kimila ya kutumia ardhi kwa kumtolea mwenyewe zawadi. Mama hataki kusikia. Kaburi la mzee liko nyuma ya nyumba, na migomba yake bado imesimama. "Nimwachie nani?" anauliza, na mkwe si mtu wa kubishana naye.

Halafu kuna kisima. Choo kilifurika kando yake, na kipindupindu tunakijua. Kwa sasa wanachemsha maji, ila kuni zenyewe zimelowa.

Pesa tuliyo nayo inatosha jambo moja: kutengeneza chini, au kusimamisha chumba kimoja juu. Ukuta wa namna hiyo hupona kweli? Mama akishinda kwake mchana na kulala kilimani wakati wa mvua, itafaa? Na kalinzi ya siku hizi tuidai kwa karatasi gani, mbele ya nani, ili kesho watoto wa mwenye shamba wasije wakatufukuza?